Minneapolis kwa mama mwenye fremu Mwanza: Mall of America nusu siku, zilizobaki ziende mitaani

Shikamoo mama. Swali lako nimelisoma, nalirudia kwa kifupi ili na wengine waelewe: una fremu ya nguo za kike Mwanza, mwezi wa tano unakwenda Minneapolis kwenye mahafali ya binti yako pale University of Minnesota, utakaa siku tano, unaongozana na kijana wako wa miaka 14, na kila unayemuuliza anakujibu Mall of America basi. Unataka kujua kama hiyo mall inatosha, maduka madogo ya watu binafsi yenye vitu vya tofauti yako wapi, na ufanyeje usipigwe bei.

Mall nenda, ila nenda kuiona, nusu siku inatosha. Pesa yako ipeleke mitaani.

Mimi kazi yangu huku ni manunuzi, yaani kuchagua mzigo wa maduka ya nguo, kwahiyo nikiingia dukani nageuza lebo ya ndani kwanza ndo naangalia bei. Na ukiangalia kwa jicho hilo, maduka mengi ya Mall of America yapo Chicago, yapo Dallas, yapo Atlanta, H&M ileile, Nike ileile, mengine utayakuta hata Dubai ukiwa unasubiri ndege. Mtu atoke Mwanza mpaka Minnesota arudi na blauzi ya H&M, sasa hapo kanunua nini? Cha pekee pale ni jengo lenyewe. Vitu vya pekee viko mitaani, na hiyo mitaa imetawanyika, ndo maana wageni wanaondoka bila kuiona.

Kwanza kodi, maana hii inawachanganya watu wakishafika kaunta. Marekani bei iliyoandikwa kwenye lebo haina kodi ndani, kodi inaongezwa pale unapolipa, kwahiyo umeshika dola 50 mkononi unashangaa mashine inaandika 54 na ushee. Minnesota kodi ya jimbo ni asilimia 6.875, halafu miji inaongeza zake juu. LAKINI nguo na viatu havitozwi kabisa, sifuri, iwe mall, iwe butiki, iwe duka la mitumba. Chicago nguo hiyohiyo inaongezewa zaidi ya asilimia 10. Hii ndo sababu watu wa majimbo ya jirani wanajaza magari kuja kununua nguo za watoto shule zikikaribia kufunguliwa. Ila angalia msamaha unapoishia: mkoba, hereni, mkufu, saa, manukato, vipodozi, hivyo vyote vinatozwa. Kwahiyo kama unapanga bajeti, gauni hesabu bei ya lebo, mkoba ongeza karibu asilimia 9. Na usihangaike kutafuta dirisha la kurudishiwa kodi airport kama watu wanavyofanya Dubai na Ulaya, Minnesota hakuna kitu hicho.

Sasa kwanini mji huu una mall nyingi hivi, hii hadithi we mfanyabiashara utaipenda. Mall ya kisasa unayoijua wewe, iliyofungwa pande zote, yenye hewa ya kupasha joto na kupoza, maduka yakitazama ndani na magari yakibaki nje, Marekani ya kwanza ilijengwa hapahapa. Inaitwa Southdale, iko Edina, kitongoji cha kusini mwa Minneapolis, ilifunguliwa Oktoba 1956. Mchoraji wake alikuwa Victor Gruen, mtu wa Vienna aliyewakimbia Wanazi, na wenye pesa walikuwa familia ya Dayton waliokuwa na duka kubwa katikati ya mji. Sababu ni baridi. Januari huku inafika nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, nani atatembea dukani hadi dukani? Gruen akatengeneza uwanja wa ndani wenye miti na ndege, hali ya hewa ileile mwaka mzima. Alichotaka hasa ni kitu kama mji mzima, nyumba, shule, zahanati, bustani, maduka yakiwa katikati yake, watu wakachukua maduka na parking wakaacha mengine yote, na mzee baadaye akarudi zake Vienna akiwa hataki hata kuhusishwa na hizo mall zilizoenea nchi nzima kwa ramani yake. Hata Rock City pale kwenu ni mjukuu wa Southdale.

Haohao akina Dayton mwaka 1962 wakafungua duka la bei nafuu kule Roseville wakaliita Target. Leo Target iko kila kona ya Marekani na makao makuu bado yako Minneapolis, wakati lile duka lao la kifahari la katikati ya mji lilibadilishwa jina mara mbili likaja kufungwa 2017. Katikati ya mji kwenyewe kwa maduka sa hivi pamepooza, nakwambia mapema usije ukapoteza siku. Kuna barabara inaitwa Nicollet Mall, usidanganyike na jina, ni barabara ya mabasi na watembea kwa miguu, ina Target na migahawa, basi. Zile njia za juu zenye vioo zinazounganisha majengo, wanaziita skyway, ya kwanza ni ya 1962, zinafika zaidi ya kilomita 15 ukiziunga zote, pita mara moja mchana siku ya kazi umwonyeshe kijana, ila mwezi wa tano huzihitaji na jioni sehemu nyingi zimefungwa.

Haya, Mall of America. Iko Bloomington, ilifunguliwa Agosti 1992, maduka zaidi ya 500, waliojenga ni familia ya Ghermezian ya Kanada, haohao wa West Edmonton Mall. Kabla yake palikuwa na uwanja wa michezo, baseball na mpira wa Kimarekani, na alama za uwanja wamezibakiza. Kwenye bustani ya michezo ya watoto iliyo katikati, Nickelodeon Universe, kuna kibao sakafuni mahali alipokuwa anasimama mpigaji wa baseball, halafu ukiinua macho upande wa pili kuna kiti chekundu kimepachikwa juu ukutani, hapo ndo mpira wa Harmon Killebrew, mpigaji maarufu wa baseball, ulipofika mwaka 1967, futi 520, kama mita 158 hivi. Mpe kijana kazi ya kukitafuta hicho kiti. Kuingia kwenye bustani ni bure, unalipia ukipanda mchezo. Na jambo jingine watu hawaamini, sehemu za kutembelea kwa sehemu kubwa hazina hita, joto la msimu wa baridi linatokana na jua la paa la vioo, taa, na miili ya watu.

Kutoka chuoni huhitaji gari. Panda treni ya Green Line, shuka US Bank Stadium, badili uchukue Blue Line inayokwenda kusini, inapita airport na mwisho wake ni mlangoni mwa mall. Nenda asubuhi siku ya kazi, utakuta wazee wanafanya mazoezi ya kutembea humo ndani, wametulia, na wewe utapata nafasi ya kuangalia madirisha ya maduka jinsi walivyopanga, maana kwa mtu mwenye fremu hilo ndo somo la bure kuliko yote, angalia rangi wanazoweka mbele, ni nguo ngapi wanatundika kwenye reli moja, taa wameelekeza wapi. Kuhusu kijana, zingatia: wana sheria kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 alasiri na jioni lazima awe na mtu mzima wa miaka 21 kwenda juu, kwahiyo usimwachie azurure peke yake ukaja kuitwa na walinzi. Na wale wauza krimu na mashine za nywele wanaosimama kwenye vibanda katikati ya njia, wanakuita kwa tabasamu wanakushika mkono wanakupaka, sema asante endelea kutembea. Hao ndo watu pekee mle ndani ninaowaogopa kwa ajili ya pochi yako.

Ukitaka nguo za brandi kwa bei ya maana, za wewe kuvaa na za zawadi, sio mall. Ni maduka ya TJ Maxx, Marshalls, Nordstrom Rack, Burlington, yamejaa vitongojini, wanauza masalia ya msimu na mizigo iliyozidi. Outlet, yaani maduka ya punguzo ya brandi zenyewe, pia zipo, ya karibu iko Eagan, ila pale nakuomba tumia akili ya kibiashara: ile bei iliyokatwa msitari mwekundu mara nyingi haijawahi kulipwa na mtu, kwa sababu brandi nyingi zinashona nguo maalum kwa ajili ya outlet, kitambaa chepesi zaidi, mshono mmoja badala ya miwili. Geuza nguo ndani nje, we mshono unaujua kuliko hao wanaouza.

Na mitumba! Najua utauliza. Tafuta Arc's Value Village, ni maduka ya hapahapa Minnesota yanayoendeshwa na shirika la kusaidia watu wenye ulemavu wa akili, au Goodwill ambazo ziko kila mahali. Humo utaona mnyororo upande wake wa mwanzo, mtu analeta mfuko wa nguo, zinachambuliwa, zinatundikwa, na nchi hii kwa ujumla sehemu ya zisizouzika ndo zinauzwa kwa uzito, zinafungwa marobota, zinakuja kufunguliwa kwetu. Makoti ya sufu yanauzwa bei ya chips kuku, shida utalivaa wapi Mwanza.

Tuje mitaani sasa.

Nianze na Northeast, ng'ambo ya mto Mississippi, kwa sababu mwezi wako ndo mwezi wake. Huu ulikuwa upande wa viwanda na wahamiaji wa Poland na Ukraine, viwanda vikafa, wasanii wakaingia kwenye majengo kwa kodi rahisi. Northrup King lilikuwa ghala la kampuni ya mbegu, leo kuna mamia ya wasanii wamekodi vyumba humo, wafinyanzi, wachora, wasonara, wachapa vitambaa. Jengo jingine lilikuwa kiwanda cha majeneza na jina wamelibakiza, Casket Arts, usiogope. Kila mwaka wikiendi ya tatu ya mwezi wa tano, Ijumaa mpaka Jumapili, kuna kitu kinaitwa Art-A-Whirl, wasanii wanafungua karakana zao zote unaingia bure unaongea na aliyetengeneza, unanunua mkononi mwake. Mahafali ya chuo huwa yanaangukia hukohuko katikati ya Mei, kwahiyo muulize binti tarehe ya kitivo chake, siku moja kabla au baada inaweza kukupa hiyo wikiendi. Ikikupita, Northrup King Jumamosi kuna karakana zinazofungua na kuna Alhamisi ya kwanza ya mwezi jioni.

Pale usipunguze bei. Najua inauma, ila kikombe cha udongo cha dola 40 huyo mtu kakifinyanga, kakichoma, ana kodi ya chumba, ukisema nipe kwa 25 umemkosea adabu. Unachoweza kufanya ni kuuliza kwa upole kama ana kikapu cha vyenye kasoro, wengi wanacho, kikombe chenye doa dogo nusu bei, au ukichukua vitatu kama kuna bei ya pamoja. Mwombe pia kadi yake. Kama umeona kitambaa cha kuchapwa kwa mkono ukakipenda kwa ajili ya fremu yako, mazungumzo ya jumla yanafanyika baadaye kwa barua pepe, sio siku ya maonyesho ana foleni mlangoni.

North Loop iko upande wa pili wa mto, ni maghala ya matofali mekundu ya zamani ambayo sasa ni fleti za matajiri na butiki chini. Hapa bei imechangamka. Kuna duka la wanaume, MartinPatrick 3, kubwa, limepangwa kama sebule ya mtu mwenye hela, fanicha, suti, manukato, kila kitu kinauzwa mpaka kiti ulichokalia. Ingia, wakisalimia wasalimie, kaa uangalie mpangilio, toka bila kununua, hakuna atakayekukunjia uso. Mimi nikiwa na mgeni wa biashara nampeleka hapa kabla ya mall yoyote, kwa sababu hapa ndo unaona mtu anauza shati moja kwa bei ya mashati sita na mteja anaondoka anafurahi.

Ukitaka kitu cha Minnesota chenye jina, angalia viwili. Mablanketi ya sufu ya Faribault, kiwanda kiko mji wa Faribault tangu 1865, blanketi moja ni ghali lakini mtu anamrithisha mtoto. Na viatu vya Red Wing, vya ngozi, kampuni ya 1905 kwenye mji wa jina hilohilo kando ya mto. Kumbuka kiatu hakina kodi, blanketi lina kodi. Na kwenye Red Wing soma ulimi wa kiatu, kuna vya kutengenezwa Marekani na kuna vya nje, bei zinatofautiana na usilipe ya kwanza ukapewa ya pili.

Linden Hills nitaipitia haraka, ni mtaa mtulivu karibu na ziwa Harriet, maduka machache, ila kuna duka la vitabu vya watoto la Wild Rumpus ambalo lina paka na wanyama wengine, na mlango mdogo wa zambarau ndani ya mlango mkubwa. Kijana wa miaka 14 atajifanya amekua. Yeye mpeleke Electric Fetus, duka la santuri la tangu 1968, mwanamuziki Prince alikuwa mteja wao mpaka siku chache kabla hajafariki 2016. Birchbark Books nayo inastahili, ni ndogo, mwenyewe ni mwandishi mwenye asili ya Waojibwe, kabila la wenyeji wa asili wa huku, pamoja na vitabu wanauza vito na kazi za mikono za wenyeji wa asili, na hapo una uhakika kilichoandikwa ni cha wenyeji ni cha wenyeji kweli, sio shanga za kiwandani kama za kwenye vibanda vya airport.

Grand Avenue iko Saint Paul, mji pacha, nyumba nzuri za zamani na maduka chini yake. Watu watakusifia sana. Ni pazuri kutembea, ila miaka ya karibuni fremu kadhaa zimebaki tupu, kodi za pango zilipanda, maduka makubwa yaliingia yakatoka. Kama una saa mbili za ziada nenda makutano ya Grand na Victoria, kama huna usiumie. Uptown ya Minneapolis, pale Hennepin na Lake, ndo imedhoofika zaidi, usifuate ushauri wa mtu aliyepaona miaka kumi iliyopita.

Lake Street sasa. Mama, ukiwa na siku moja tu ya mitaani, iwe hii. Ni barabara ndefu inayokata kusini mwa Minneapolis mashariki hadi magharibi, kila kundi la wahamiaji lililofika mji huu limeacha duka hapa. Kuna Ingebretsen's, ya Wanorwe na Waswidi, tangu 1921, wanauza soseji, biskuti, sweta na nyuzi za kufumia, na wiki chache kabla ya Krismasi foleni inazunguka nje kwenye baridi. Kuna Mercado Central, ya Walatino, ilianza 1999 kama ushirika wa wafanyabiashara wadogo waliounganisha nguvu. Halafu kona ya Lake na Chicago kuna jengo refu la Sears la mwaka 1928, lilikuwa ghala la kuagizia vitu kwa posta, likakaa tupu miaka, na 2006 ghorofa ya chini ikawa Midtown Global Market, soko la ndani, vyakula na zawadi za dunia nzima. Mwaka 2020 polisi walipomuua George Floyd, mwendo mfupi tu kutoka pale, moto uliwaka sana Lake Street, maduka mengi ya watu binafsi yaliteketea, soko lilisalimika. Ukipita utaona viwanja vitupu na majengo mapya yamepakana, ndo hapo. Kufika ni rahisi, basi la D Line linatoka Mall of America moja kwa moja mpaka kona hiyo, na B Line linatembea Lake Street yenyewe, kwahiyo asubuhi mall, mchana soko, bila kumsumbua binti kukuendesha.

Umbali kidogo magharibi, mtaa wa Pillsbury, kuna Karmel Mall. Hii ndo nilikuwa naisubiri. Ni mall ya Wasomali, ilianza miaka ya mwisho ya 90, inatajwa kuwa ya kwanza ya namna yake Marekani, na Minnesota ndo jimbo lenye Wasomali wengi kuliko yote. Ukiingia tu utajua uko wapi. Vyumba vidogo mamia, madera na baibui vimetundikwa mpaka juu, mitandio, udi, mazulia, saluni za hina, mafundi cherehani, wakala wa kutuma pesa, sambusa na chai ya maziwa yenye iliki, msikiti ndani. Kama umewahi kufunga mzigo Eastleigh Nairobi, ni mpangilio uleule, na sio bahati mbaya: wengi wa hawa walipitia Kenya, na Eastleigh nayo ilianzia Garissa Lodge, nyumba ya wageni ambayo wakimbizi wa Somalia baada ya 1991 walikodi vyumba wakawa wanauzia bidhaa humohumo, mpaka lodge nzima ikageuka maduka. Ule ujuzi wa kugawa jengo moja katika vifremu vidogo ulisafiri nao.

Kwahiyo Kiswahili kitakusaidia. Sio kila mtu anakijua, lakini mama wa makamo aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Dadaab au Nairobi au Mombasa ukimwambia habari ya mchana atageuka, na hapo bei inaanza kuzungumzika. Ndio, hapa unapunguza, kama kwenu. Uliza, shangaa, taja yako, ondoka kidogo, urudi. Madera ya hariri nyepesi yapo ya aina nyingi na wengine wanauza kwa jumla ukichukua mengi, ila jiulize kwanza yametoka wapi, maana mzigo mwingi wa humo umetoka Dubai, China na India, na wewe Dubai unaifikia kwa njia fupi zaidi. Mimi ningenunua pale vya kuvaa mwenyewe tu, na ningelipa fundi anipunguzie gauni la mahafali siku ileile. Usipige picha za watu bila kuomba. Nenda mchana au jioni, wanachelewa kufungua na wanachelewa kufunga, na Ijumaa mchana subiri swala iishe. Parking ni vita, shuka kwenye basi utembee.

Ukibaki na nafasi Saint Paul, nenda Hmong Village, Johnson Parkway, ilifunguliwa 2010. Wahmong walikuja kutoka Laos baada ya vita ya Vietnam, na akina mama zao wana ushonaji wa mkono ambao sijauona kwingine, vitambaa vilivyotariziwa hadithi nzima, kijiji, vita, kuvuka mto Mekong, kambi, ndege. Hiki ndo kitu ningekwambia uning'inize ukutani kwenye fremu yako. Vile vya zamani vya mkono ni ghali kuliko vya siku hizi, geuza nyuma uone nyuzi, mkono na mashine haviachi mgongo sawa. Halafu kula, upande wa vyakula ni mkubwa, papai bichi lililotwangwa na pilipili litakukumbusha nyumbani.

Kuhusu kupigwa bei kwa ujumla: duka lenye lebo ya bei halipunguzi, liwe kubwa liwe dogo, kwahiyo hutapigwa, utalipa kilichoandikwa. Unachoweza kupoteza ni kwenye kurudisha. Target na wenzake wanapokea mzigo ukiwa na risiti ndani ya muda wao, lakini butiki ndogo nyingi wanakupa kadi ya dukani badala ya pesa, na vya punguzo hawapokei kabisa, na wewe siku ya sita uko kwenye ndege, hiyo kadi utaitumia lini? Uliza kabla ya kulipa. Jaribu nguo, saizi zao ni kubwa, Medium ya huku wengi wetu inatupwaya. Baadhi ya butiki Jumatatu zimefungwa, siku nyingine zinafungua saa nne au tano asubuhi na saa kumi na mbili jioni washafunga, kwahiyo Jumatatu ndo siku ya kwenda Mall of America. Kadi inapokelewa kila mahali, pesa taslimu beba kidogo kwa ajili ya Karmel na Hmong Village.

Mzigo wa kurudi sasa, angalia uzito, begi kwa ndege nyingi ni kilo 23 na blanketi la Faribault na viatu vya ngozi vinakula kilo haraka kuliko unavyodhani, vikombe vya udongo vizungushie nguo uvibebe mkononi. Na kama umenunua za fremu, usijidanganye, afisa forodha akikuta gauni la aina moja kwa saizi sita tofauti, yote yakiwa na lebo, anajua ni biashara na atakuwa sahihi, kwahiyo tangaza ulipie kistaarabu. Risiti zote ziweke kwenye bahasha moja ndani ya mkoba wako, sio kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege.